Uzi: Kabla hujaingia chini ya gari, jua ni kitu gani hasa kinalizuia lisikushukie

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nabadilisha breki pedi za mbele. Gari ni otomatiki na linavutwa na matairi ya mbele. Niliegesha mahali ambapo kwa macho ni tambarare kabisa, nikaweka P, nikavuta handibreki, nikalegeza nati, nikapiga jeki upande wa kushoto. Tairi likatoka bila shida. Nilipogeuka kuchukua spana ya kufungulia kalipa (kile kishikio cha breki pedi), gari likasogea mbele taratibu, kama vile kuna mtu analisukuma. Jeki ikalala, diski ikashuka na kugonga sakafu. Sekunde chache kabla ya hapo mkono wangu ulikuwa palepale.

Nilikaa muda mrefu nikijiuliza. P niliweka, handibreki nilivuta. Gari limetembeaje?

Jibu nimelipata, na ndilo lililonifanya nilete uzi huu, maana naamini tuko wengi tusiolijua.

P haikamati matairi. Ndani ya giaboksi kuna jino la chuma linaloingia kwenye gia na kuifunga shafti inayotoka. Baada ya shafti hiyo kuna difu, na kazi ya difu ni kuliruhusu tairi la kushoto na la kulia yazunguke kwa mwendo tofauti gari linapokata kona. Matairi yote mawili yakiwa chini, moja haliwezi kwenda mbele huku mwenzake akirudi nyuma, ndiyo maana gari linatulia. Ukinyanyua moja, lile la hewani linakuwa huru kuzunguka kinyumenyume, na la chini linapata nafasi ya kubingirika mbele. Shafti imefungwa vilevile, jino la P liko mahali pake, na gari linatembea. Gari la gia za mkono ukiliacha kwenye gia namba moja ni hivyohivyo.

Kwa hiyo nilipolinyanyua lile tairi la mbele, P ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Kilichobaki ni handibreki, ambayo kwenye magari mengi inakamata matairi ya nyuma. Yangu ilikuwa imelegea siku nyingi na nilikuwa nimeizoea hivyo. Kabari sikuweka.

Sasa geuzeni upande wa pili. Gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, ukilinyanyua nyuma kote, handibreki inakamata matairi yaliyoko hewani na P nayo inakamata hayohayo. Ya mbele yanayogusa ardhi hayana kitu chochote kinachoyazuia. Gari limesimama kwa sababu tu halijaamua kutembea.

Kabari ndiyo inayojibu yote haya. Inawekwa kwenye matairi yanayobaki chini, ya upande ulio mbali na jeki, mbele na nyuma ya tairi, ikiwa imebana kabisa. Jiwe la mviringo silo kabari, tairi linalipanda au linalisukuma. Gogo lililokatwa mshazari linatosha.

Naomba wenye uzoefu mwongeze, na mimi nitaendelea kueleza nilivyopanga upya utaratibu wangu.

Nati17

Pole sana mkuu, na shukuru Mungu kwa huo mkono. Hilo la difu nimelisoma mara mbili ndipo likaniingia.

Ila naomba niulize bila kuonekana mbishi. Mimi stendi, vile vyuma vya miguu vya kushikilia gari likishanyanyuliwa, sina. Nikishanyanyua kwa jeki huwa naweka tofali za saruji chini ya chesisi, na jeki naiacha. Nimefanya hivyo miaka mingi na halijawahi kutokea lolote. Kuna ubaya gani hasa?

Krosimemba

Nati17, umeuliza vizuri, na jibu halina uhusiano na bahati yako.

Tofali linabeba uzito mkubwa sana likiwa ndani ya ukuta, kwa sababu uzito umesambaa uso mzima na udongo wa kuungia umejaza kila mwanya. Chini ya gari mambo ni mengine. Uzito unakuja kupitia ukingo mwembamba wa chuma, sehemu moja, na chini tofali limekalia kokoto mbili tatu. Hapo halikandamizwi tu, linavunjwa kama unavyovunja kijiti kwenye goti. Saruji haivumilii hivyo. Tofali lenye matundu ndani ni baya zaidi, hasa likilazwa ubavu.

Kibaya kuliko vyote ni namna linavyoshindwa. Chuma kikizidiwa kinaanza kupinda, unaona, unasikia kinalia, unatoka. Tofali linakaa kimya saa nzima, unapiga nyundo mara moja kwenye boliti iliyoganda, linapasuka papo hapo na kuwa vipande. Hulioni likijiandaa.

Kwa gari la kilo 1,300 lenye injini mbele, karibu asilimia 60 ya uzito iko kwenye matairi ya mbele. Kona moja ya mbele peke yake inakaribia kilo 400. Uzito huo juu ya kifua hauachi nafasi ya kuvuta pumzi, na asiyeweza kuvuta pumzi hawezi kupiga kelele kuomba msaada. Mtu yuko ndani ya nyumba, mita tano tu, na hasikii kitu.

Kama stendi huna leo, kazi ya chini ya gari subiri. Kazi ya tairi tu unaweza kuifanya kwa jeki, bila kuingiza mwili chini. Mbao ngumu nene, zilizopangwa kwa kukatizana mbili mbili kama kitanda cha kuni, zinabeba vizuri kuliko tofali, lakini ziwe pana, ziwe zimekauka, na rundo lisizidi kimo upana wake.

Mleta uzi

Ahsante Krosimemba. Naongeza kitu ambacho sasa nakifanya kila mara: tairi nililolifungua nalilaza chini ya ukingo wa bodi, karibu na stendi. Halibebi kitu. Ila stendi na jeki vyote vikisaliti, gari linatua juu ya rimu na tairi, na ile nafasi inayobaki ndiyo ya kifua changu.

Fundi_mstaafu

Vijana, nimefanya kazi hii tangu jeki nyingi zikiwa za kuzungusha kwa mkono. Niseme kidogo kuhusu jeki zenyewe, maana watu wanazitumia bila kujua kinachoendelea ndani.

Jeki ya chupa na jeki ya magurudumu zote ni za oili. Unapopampu, pistoni ndogo inasukuma oili kuingia chini ya pistoni kubwa. Eneo dogo linasukuma eneo kubwa, ndiyo maana mkono wako unanyanyua gari. Kinachozuia oili isirudi ni kagololi kadogo ka chuma pamoja na sili ya mpira. Kaingie kachembe ka mchanga chini ya kagololi hako, jeki inaanza kushuka. Wakati mwingine inashuka polepole usiku kucha, wakati mwingine mara moja. Kwa nje huwezi kujua sili ina hali gani. Jeki ya mkasi haina oili, lakini imesimama juu ya kibati kidogo, ni nyembamba na ndefu, na gari likisogea kidogo tu inalala.

Kwa hiyo kanuni tuliyofundishwa sisi ni hii: jeki ni ya kunyanyulia, stendi ni ya kushikilia. Ukishaweka stendi, teremsha gari mpaka uzito wote ukae juu ya stendi, kisha rudisha jeki iguse tu bila kubeba. Wengi wanaacha jeki imebeba na stendi iko pembeni haijagusa. Hiyo stendi ni pambo.

Jeki ikianza kushuka yenyewe, kwanza angalia oili. Weka oili ya jeki. Usiweke oili ya breki hata siku moja, inavimbisha zile sili na jeki inakufa. Kama ina hewa, fungua valvu, pampu mara kadhaa bila mzigo, funga, ujaribu tena. Ikiendelea kushuka, iache.

Na jambo moja la jeki ya magurudumu ambalo limeangusha magari mengi. Mkono wake haupandi wima, unapanda kwa kuchora upinde. Kadiri inavyoinuka, kichwa chake kinarudi upande wa mpini. Ndiyo maana ina magurudumu: lazima itembee yenyewe chini ya gari wakati wa kupanda na kushuka. Ukiiweka kwenye mchanga, nyasi au kokoto, magurudumu yanazama, jeki haitembei, basi linalotembea ni gari. Linavutwa kando mpaka kichwa cha jeki kinachomoka. Sakafu ngumu, iliyofagiwa. Hata kijiwe kimoja mbele ya gurudumu ni tatizo.

Bushi_Mpya

Shikamoo mzee. Je, mtu asiye na sakafu ya saruji? Mimi naegesha kwenye lami.

Fundi_mstaafu

Marahaba. Lami inafaa asubuhi. Jua likiwaka inalainika na miguu ya stendi inazama upande mmoja bila wewe kuona. Weka kipande cha plaiwudi nene chini ya kila stendi, kipana kuliko miguu yake, na kingine kirefu chini ya jeki ili iwe na mahali pa kutembea. Kwenye udongo ningekushauri usiingie chini kabisa.

Dada_Spana

Habari zenu. Mimi nataka kumwaga oili mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nina jeki ya mkasi iliyokuja na gari tu. Nimechungulia chini, naona vyuma vingi. Naweka wapi?

Krosimemba

Karibu dada. Nianze na hiyo jeki: ile imewekwa kwenye buti kwa ajili ya kubadilisha tairi lenye pancha, basi. Usiingie chini ya gari lililobebwa na hiyo peke yake, hata kwa dakika mbili za kufungua boliti ya sampo (beseni la oili chini ya injini).

Pa kuweka: piga magoti karibu na tairi la mbele, utazame ukingo wa bodi chini ya mlango. Utaona mahali bati mbili zimekutanishwa na kuchomelewa pamoja, zikaning'inia kama ulimi. Nyuma kidogo ya tairi la mbele, na mbele kidogo ya tairi la nyuma, magari mengi yana vikato viwili kwenye ulimi huo. Kati ya vikato hivyo bati limeimarishwa, na jeki yako ina mfereji kichwani wa kuupokea ulimi huo. Kitabu cha gari kina mchoro wake, na mchoro huo una neno la mwisho kuliko mimi.

Usiweke jeki kwenye sampo ya oili, itabonyea na kupasuka. Usiweke chini ya giaboksi, kwenye bomba la ekzosi, kwenye bati tupu la sakafu, wala kwenye mikono ya sasipensheni kama kitabu hakijasema. Ukiwa na jeki ya magurudumu, mbele kuna mhimili mnene unaokatiza chini ya injini, mafundi wanauita krosimemba (jina langu limetoka huko). Kwa magari mengi hapo unanyanyua mbele yote kwa mara moja, kisha unaweka stendi mbili kwenye vikato vya kushoto na kulia. Nyuma, gari lenye difu ngumu mara nyingi linanyanyuliwa kwenye difu. Lile lenye boriti moja inayounganisha matairi ya nyuma, usiguse katikati ya boriti bila kusoma kitabu, kwa sababu boriti hiyo imetengenezwa ijisokote na katikati si mahali pake pa kubebea.

Kwa kumwaga oili peke yake, hata hivyo, mimi ningekushauri rampu, vile vipandio vya mteremko vya kuwekwa mbele ya matairi. Unapandisha gari juu yake polepole, matairi yanabaki yamefungwa, gari linakaa juu ya matairi yake yenyewe. Mtu mwingine asimame pembeni, kamwe asisimame mbele, akuelekeze. Ukifika juu weka P, vuta handibreki, kabari nyuma ya matairi ya nyuma.

Nati17

Nimekubali yaishe, natafuta stendi. Nachaguaje?

Mleta uzi

Nimesoma sana wiki hii, nikuambie nilichokipata.

Kuna za meno, unazivuta juu na kijembe (kidole cha chuma kilichounganishwa na mpini) kinashika jino, na kuna za pini, zina matundu na unapitisha pini nene katikati. Za meno ni rahisi kutumia. Za pini zina hatua chache za urefu lakini hazina kijembe cha kukosea. Mwaka 2020 kule Marekani kampuni ya Harbor Freight iliomba wateja warudishe stendi zake za tani 3 na tani 6 zenye nembo ya Pittsburgh, kwa sababu kijembe hakikuwa kinashika meno ipasavyo na stendi ingeweza kushuka ghafla. Na baadhi ya zile za tani 3 zilizotolewa badala yake nazo zikaja kurudishwa mwaka huohuo, kwa kasoro ya kuchomelea. Tangu nisome hivyo, nikiweka stendi ya meno nasukuma mpini chini kwa mkono mpaka nihakikishe umelala wote, na natazama kwa macho jino lililoshikwa.

Soma lebo kwa makini. Kuna watengenezaji wanaoandika uzito kwa stendi moja, wengine wanaandika kwa jozi. "Tani 3" ya jozi ni tani moja na nusu kwa kila moja. Miguu iwe mipana, mishono ya kuchomelea iwe imejaa, isiyo na ufa wala kutu iliyokula. Na kichwa cha stendi kikae kwenye chuma kilicholala sawa, kisikae kwenye kitu cha mviringo.

Bushi_Mpya

Gari langu ni haibridi. Kuna la ziada?

Krosimemba

Lipo. Zima kabisa, na ufunguo usiotumbukizwa uweke mbali na gari. Haibridi ikiwa imewashwa inaweza kukaa kimya ukadhani imezimwa, kisha injini ikajiwasha yenyewe betri ikihitaji chaji, na wewe mkono uko kwenye mkanda. Ya umeme kamili mara nyingi ina betri sakafu nzima, kwa hiyo pa kunyanyulia ni pale tu alipopaonyesha mtengenezaji. Ukibonyeza ganda la betri umeharibu kitu kikubwa sana. Na gari lenye sasipensheni ya hewa lina namna yake ya kuizima kabla ya kunyanyua, vinginevyo linaanza kujirekebisha urefu likiwa juu ya jeki. Liko kwenye kitabu.

Fundi_mstaafu

Mmesahau kutikisa.

Stendi zikishakaa, kabla hujalala chini, simama pembeni ushike gari kwenye bampa au nguzo ya mlango, ulitikise kwa nguvu. Mbele, nyuma, kushoto, kulia. Usilionee huruma. Kama litaanguka, liangukie hapo wewe ukiwa umesimama. Lisipotikisika, ingia. Likicheza hata kidogo, nyanyua upya, panga upya. Sekunde kumi hizi ndizo ninazowadai vijana wote waliopita mikononi mwangu.

Na boliti ngumu kama nati ya ekseli zilegeze gari likiwa juu ya matairi yake. Ukilala chini ukavuta spana ndefu kwa mikono miwili, unalitikisa gari ukiwa ndani ya mdomo wake. Ukitoa kitu kizito kama giaboksi, kumbuka uzito umehama, gari lililotulia mwanzo linaweza kutaka kuinukia upande mwingine.

Nati17

Na mtu akibanwa kweli?

Mleta uzi

Aliyepo asivute mtu, anyanyue gari kwanza kwa jeki, na kama wapo wawili mmoja apige simu ya dharura wakati huohuo. Ndiyo maana sasa jeki ya pili naiacha karibu, nje ya gari, na sifanyi kazi bila mtu mwingine kujua niko chini. Mke wangu anatoka kuniita kila baada ya dakika chache. Nisipoitika, anajua pa kuja.

Kushusha nako kuna mambo yake. Toa zana zote chini, nyanyua kidogo, vuta stendi kwa mpini bila kuingiza kichwa, halafu fungua valvu ya jeki robo mzunguko tu, usiizungushe yote. Nati za tairi zikaze mwisho gari likiwa chini, kwa kukatizana, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Toyota ndogo nyingi ni 103 Nm.

Dada_Spana

Narudi na mrejesho. Rampu sikupata, nimeazima jeki ya magurudumu na stendi mbili. Nimeweka kabari nyuma, nimenyanyua kwenye krosimemba, stendi kwenye vikato. Nikatikisa kama mzee alivyosema. Upande wa kulia ukatoa sauti, tak. Nikachungulia: stendi ilikuwa imekalia nje ya kikato kwa upana wa vidole viwili, na bati lilikuwa limeanza kujikunja. Nimenyanyua tena, nimeisogeza, nimetikisa mara tatu. Kimya.

Oili inamwagika sasa hivi kwenye beseni. Dada yangu amekaa kwenye kiti pembeni, simu mkononi.

Fundi_mstaafu

Safi sana mwanangu. Ile washa, ringi ndogo ya kwenye boliti ya kumwagia oili, badilisha, weka mpya.